Mafundisho ya Nyumbani: Kutundika Spika Ukutani



Juma lililopita nilipokea barua fupi ya msomaji wetu mmoja, mwenye nyumba na watoto watatu. Aeleza kwamba amenunua spika mbili ndogo, za namna ile iwekwayo juu ya rafu ya vitabu, naye ameziweka sakafuni kando ya runinga. Mtoto wa kwanza huzifanya kiti, wa pili huzitia vijiti matunduni, na wa tatu, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, huvuta waya. Mama wa nyumba amechoka kukataza kutwa nzima. Amesema ama spika zipande ukutani, ama zirudi dukani. Basi msomaji wetu auliza swali moja tu: "Ndugu mwandishi, nitumie misumari ya inchi ngapi?"

Ndugu yangu, jibu nalitoa mapema, usije ukaenda dukani kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu: usitumie msumari hata mmoja. Sababu zake nitakueleza, na ya kwanza ni aibu yangu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita shemeji yangu alituletea spika mbili kama zako. Mama yangu mzazi anakaa nasi, na masikio yake yamepungua nguvu kwa ajili ya umri. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku haipendi impite, lakini kila mara alikuwa akiuliza, "Amesema nini? Amesema nani?" Nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha mama. Nikachukua misumari minne ya zege ya inchi tatu, nyundo, na vishikio viwili vya chuma nilivyochongewa na fundi wa kuchomelea. Nusu saa haikupita, kazi ikawa imekwisha. Spika moja niliiweka juu kabisa ya kiti cha mama, nikidhani kwamba sauti ikiwa karibu na kichwa chake ndipo atakaposikia vizuri. Mke wangu alitazama akasema, "Baba fulani, una hakika?" Nikamjibu kwa maringo kwamba mimi si mtoto.

Spika zilikaa siku tisa. Siku ya kumi, jioni, mama alikuwa kitini na binti yetu wa miaka minne ameketi miguuni pake. Mtu akapiga hodi. Mama akainuka kwenda kumpokea mgeni, na mtoto akamfuata bibi yake kama ilivyo desturi yake. Walikuwa hawajafika mlangoni spika ilipochomoka pamoja na kishikio chake na kipande cha lipu kikubwa kama sahani, ikaangukia mkono wa kiti na kuuvunja. Kisha ikabingirika hadi mahali alipokuwa ameketi mtoto.

Mgeni mwenyewe alikuwa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Tangu siku ile, nyumbani kwetu mtu wa chumvi hakawizwi mlangoni. Lakini mama hakukalia tena kiti kile. Alihamisha kigoda chake karibu na mlango, mbali na runinga, akasema hapo pana hewa nzuri. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi nikaanza kujifunza upya, na niliyojifunza ndiyo haya.

Kwanza, tuujue uzito. Zamani aliyetaka sauti nzito alihitaji sanduku kubwa kama kabati la nguo. Mwaka 1954 Mmarekani aliyeitwa Edgar Villchur alitoa spika ya namna mpya, ambayo hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku hufanya kazi ya springi. Kwa njia hiyo sanduku dogo likaweza kutoa sauti nzito, na tangu hapo spika za kukaa rafuni zikaenea. Lakini udogo wake usikudanganye. Ndani mna sumaku, na sanduku lenyewe ni la mbao nzito zilizobanwa. Moja yaweza kuwa na kilo 5 au zaidi. Ipime. Kama huna mizani nyumbani, ipeleke kwa muuza nafaka. Atacheka, lakini atakupimia.

Pili, tuujue mkono. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu wetu wa sayansi alimwita mwanafunzi mmoja mbele ya darasa akampa ndoo yenye maji nusu. Akamwambia, "Ishike karibu na mwili." Akaishika bila taabu. "Sasa nyosha mkono mbele." Hatukufika kuhesabu ishirini, mkono ukaanza kutetemeka na maji kumwagika. Mwalimu akatuuliza, "Je, maji yameongezeka?" Hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali wa mzigo kutoka begani.

Kishikio cha spika ni mkono ulionyoshwa. Tufanye hesabu. Spika ina kilo 5, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 20 mbele ya ukuta. Bamba la kishikio limeegemea ukutani, na skrubu yake ya juu iko sentimita 10 kutoka ukingo wa chini wa bamba. Zidisha 5 kwa 20, upate 100. Gawanya kwa 10, upate 10. Maana yake, skrubu ya juu inavutwa itoke ukutani kwa nguvu ya kilo 10, yaani mara mbili ya uzito wa spika yenyewe. Bamba likiwa fupi, na skrubu ya juu ikawa sentimita 5 tu kutoka ukingo ule, mvuto huwa kilo 20. Vishikio vyangu vile vya kwanza vilikuwa na bamba fupi, maana nilibana chuma ili nipunguze gharama.

Na huo si mvuto wa kwenda chini, bali ni wa kuja mbele. Hapo ndipo msumari unaposhindwa. Mwili wake ni laini, hauna meno ya kuuma ukuta, na njia aliyoingilia ndiyo ile ile atakayotokea. Tena kila pigo la nyundo hutikisa lipu na kuipasua kwa ndani pasipoonekana. Kisha spika ikipigwa muziki hutetemeka kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo, ununuapo kishikio, tafuta chenye bamba refu na mkono mfupi. Soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti, na uhakikishe ni zaidi ya uzito wa spika yako. Kisha tazama mgongo wa spika. Baadhi zina matundu yenye nyuzi za skrubu yaliyowekwa na kiwanda kwa kazi hii. Kama yako hayapo, usitoboe sanduku kwa kubahatisha, maana waweza kupasua ubao au kuharibu vilivyomo. Nunua kishikio chenye kimeza cha kuiweka juu yake, au chenye mikono ya kuibana ubavuni.

Tatu, tuujue ukuta. Hili ndilo lililo kubwa kuliko yote, nalo ndilo tunalolidharau, kwa sababu kila ukuta ukipakwa rangi hufanana na mwenzake. Gonga kwa kifundo cha kidole na usikilize. Ukisikia sauti nzito isiyo na mwangwi, ndani pameshiba. Ukisikia sauti ya debe tupu, ama lipu imeachana na tofali, ama ndani mna uwazi.

Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyoiva vema hushika vizuri. Ukuta wa matofali ya saruji yaliyoshiba nao hushika vizuri, mradi saruji haikuibwa na mchanga ukazidi. Matofali ya saruji yenye uwazi katikati yataka uangalifu: keekee ikizama ghafula, umeingia uwazini, na kizibo cha kawaida hapo hakina cha kukishika. Sogea upande mpaka upate mahali palipojaa. Na popote, tundu liwe katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha udongo au saruji kati ya tofali na tofali.

Ukuta wa matofali mabichi, au wa miti na udongo, usiupe kazi hii. Si aibu. Ukuta ule umebeba paa lako miaka mingi, lakini hauwezi kushika skrubu inayovutwa mbele. Mtafute seremala akutengenezee vigoda viwili virefu vyenye miguu mipana na mizito, usimamishe spika juu yake na kuzifunga kwa kamba. Hali kadhalika zile kuta nyepesi za jasi za nyumba za siku hizi: jasi peke yake haitoshi, sharti skrubu ifike kwenye fremu iliyo ndani.

Na kama nyumba ni ya kupanga, mwombe mwenye nyumba kabla hujatoboa. Neno moja la adabu leo ni rahisi kuliko ugomvi wa kesho. Tena, ukuta ambao nyuma yake analala jirani usiutumie. Spika iliyofungwa ukutani hutia mtikisiko ndani ya ukuta wenyewe, naye atasikia besi yako hata akifunika kichwa kwa blanketi.

Sasa tuje kwenye kitu kidogo kilichoniokoa, nacho ni kizibo cha ukutani. Wengi wanakiona dukani wasijue kazi yake. Skrubu haiwezi kujikaza ndani ya tofali kama inavyojikaza ndani ya mbao, kwa sababu tofali haliumiki; husagika tu likawa unga. Mwaka 1911 Mwingereza John Joseph Rawlings alipata akili ya kutia kwanza tunduni kizibo cha nyuzi za juti, kisha skrubu iingie ndani ya kizibo. Skrubu hukipanua, nacho husukuma kuta za tundu pande zote. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer alitoa kizibo cha nailoni, chenye kupasuka sehemu mbili na chenye meno ya kushikia. Vizibo vya plastiki tunavyonunua leo kwa pakiti ni watoto na wajukuu wa hivyo. Ukivuta skrubu, unavuta pamoja nayo kizibo kilichojitanua, na kilichojitanua hakitoki kwa urahisi. Hiyo ndiyo tofauti yake na msumari.

Haya, tufanye kazi.

Usitoboe mahali palipo juu, chini, au ubavuni sawasawa na swichi au soketi ya umeme, maana nyaya ndani ya ukuta hupita kwa kawaida katika mistari hiyo iliyonyooka. Ukiwa na shaka, mwite fundi wa umeme akuonyeshe. Ukitumia keekee ya betri, au nyundo na tindo, zima kwanza swichi kuu. Vaa miwani, na watoto watoke chumbani.

Weka alama ya spika ya kwanza kwa penseli. Ili ya pili iwe kimo kile kile, tumia mpira wa maji kama wafanyavyo mafundi wa kujenga: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji bila mapovu, mmoja ashike huku na mwingine kule. Maji hayadanganyi, hata kama sakafu yako imeinama. Bamba lenyewe linyooshe kwa pima maji au kwa timazi.

Chukua kizibo cha milimita 8, na ncha ya kutobolea saruji ya milimita 8 hiyo hiyo. Usichukue kubwa zaidi kwa kudhani itarahisisha kazi, kwa maana kizibo kinachoingia bila kugongwa kidogo hakifai. Kizibo cha namna hiyo chenye urefu wa sentimita 4 huchukua skrubu ya unene wa milimita 5 hivi; pakiti itakuambia. Sasa sikiliza hili ambalo wengi hukosea: lipu haihesabiwi. Lipu yaweza kuwa na unene wa sentimita 2, nayo ni ngozi tu. Kizibo sharti kizame chote ndani ya tofali. Kwa hiyo toboa sentimita 2 za lipu, sentimita 4 za kizibo, na sentimita 1 ya nafasi ya vumbi, jumla sentimita 7. Na skrubu yako iwe ndefu kiasi cha kupita bamba na lipu na kufika mwisho wa kizibo. Zungushia ncha ya keekee kipande cha utepe mahali pa sentimita 7, ili ujue pa kukomea.

Toboa polepole, keekee ikiwa imenyooka, bila kuitikisatikisa, kwani ukiitikisa tundu huwa pana mdomoni. Tazama unga unaotoka. Kwanza utakuwa wa lipu, kisha ubadilike: mwekundu ni tofali la kuchoma, kijivu ni saruji. Unga ukiendelea kuwa mchanga mtupu, simama. Ukuta unakuambia hauwezi, usibishane nao.

Toa vumbi lote tunduni kwa mrija mwembamba, ukigeuza macho upande. Vumbi likibaki, kizibo hukalia vumbi badala ya tofali, nacho kitazunguka pamoja na skrubu. Gonga kizibo taratibu mpaka kizame, weka bamba, kaza skrubu kwa bisibisi mpaka ikatae, kisha uache. Ukizidisha nguvu utaharibu ulichojenga.

Kabla ya kuweka spika, fanya jaribio. Mimi nilimkumbuka mwalimu wangu na ndoo yake. Tundika kwenye mkono wa kishikio ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10, mara mbili ya spika ya kilo 5. Angalia tu usipite uzito ulioandikwa kwenye pakiti ya kishikio. Chora mstari mwembamba wa penseli kuzunguka bamba. Iache ndoo usiku kucha, mtu asipite chini yake. Asubuhi tazama: kama bamba limeachana na mstari, au pameonekana uwazi juu yake, au lipu imepasuka, ng'oa uanze mahali pengine. Kama halikusogea hata unywele, weka spika yako.

Hata hivyo ongeza ulinzi wa pili. Tia skrubu nyingine na kizibo chake pembeni, mbali kidogo na bamba, uifunge spika kwa kamba nyembamba ya chuma isiyolegea sana. Kishikio kikishindwa siku moja, spika itaning'inia, haitaanguka. Kila baada ya miezi michache pitisha bisibisi ukague. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nne, mahali pa kuiweka. Hapa ndipo nilipogundua kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa na kosa la pili ndani yake. Spika ina duara kubwa na duara dogo. Duara kubwa hutoa sauti nzito, ambazo huenea chumba kizima kama moshi wa jikoni. Duara dogo hutoa sauti nyembamba, nazo huenda mbele kwa kunyooka kama mwanga wa tochi. Sauti hizo nyembamba ndizo zenye herufi kama s, f na t, ambazo hutuwezesha kutofautisha neno na neno. Na mtu akizeeka, masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba. Kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anasema, asijue anasema nini. Nilipoiweka spika juu ya kichwa cha mama, tochi ilikuwa ikimulika ukuta wa upande wa pili, na yeye ameketi gizani chini yake. Nilimhatarisha bure.

Basi sheria ni moja, nayo yafaa kwa usalama na kwa usikivu: spika ikae mbele ya msikilizaji, isikae juu ya kichwa chake. Isikae juu ya kiti, wala juu ya kitanda, wala juu ya mkeka wa watoto.

Spika mbili zitengane kwa umbali unaokaribia umbali wa kiti chako kutoka kwao. Kama waketi mita 3 mbele yake, nazo zitengane mita 3 au pungufu kidogo, mpate pembetatu. Sababu ya kuwa mbili ilielezwa na mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyeomba hataza ya kazi yake mwaka 1931: sauti zikitoka pande mbili kwa kipimo chake, masikio mawili huona mahali pa kila sauti, huyu kushoto, yule kulia, na mwimbaji katikati.

Kimo cha sikio la mtu aliyeketi kitini ni kama mita 1. Hapo ndipo spika ingependa kuwa, lakini ndipo pia mikono ya watoto ilipo. Basi ipandishe mpaka kama mita 1 na sentimita 80, kisha uiinamishe mbele kidogo. Kwa aliyeketi mita 3 mbele, kuinama kwa nyuzi 15 kunatosha. Huna haja ya chombo cha kupimia. Mwambie mtu ashike kioo kidogo bapa kwenye uso wa spika, nawe uketi kitini pako. Igeuzwe na kuinamishwa mpaka uone macho yako mwenyewe kiooni. Hapo spika inakutazama.

Usiipeleke pembeni kabisa ya chumba. Spika ikikaribia ukuta, sauti nzito huongezeka. Ikiingia pembeni zinapokutana kuta mbili, huongezeka zaidi, na maneno huzama ndani ya mvumo. Iache walau nusu mita kutoka pembe. Kama ina tundu la hewa mgongoni, usiibane ukutani. Acha kama sentimita 10 ipumue. Lakini kumbuka hesabu yetu ya mkono: kila sentimita unayoongeza, skrubu ya juu ndiyo inayolipa.

Mwisho, nyaya. Zima amplifaya kabla ya kuunga. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza moja, koni moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito zitauana hewani. Utadhani spika ni mbovu, kumbe ni wewe. Nyuzi za shaba za upande mmoja zisiguse za upande wa pili, maana hilo laweza kuunguza amplifaya. Pigilia waya ukutani kwa vibanio vidogo, uache ulegee kidogo nyuma ya spika, usiwe ndio unaoshikilia uzito. Wala usining'inie hata mkono wa mtoto ukaufikia.

Haya ndiyo niliyoyafanya nyumbani mara ya pili. Ilinichukua siku mbili, si nusu saa. Mama alikuwa akitazama kutoka kwenye kigoda chake mlangoni. Usiku ule ndoo ikaning'inia ukutani, na mke wangu akaweka viti viwili kuzuia njia. Asubuhi nilipoamka nilimkuta mama amekwisha kusimama mbele ya ndoo, ameinamisha kichwa, anautazama mstari wa penseli. Akaniuliza, "Haukusogea?" Nikamwambia, "Tazama mwenyewe, mama." Akautazama tena, kisha akanitaka niishushe ndoo, akaenda kumwagilia mchicha wake kwa maji yale.

Jioni taarifa ya habari ilipoanza, alibeba kigoda chake mwenyewe akakirudisha mbele ya runinga. Hakukikalia kile kiti cha zamani, ingawa nilikwisha kukitengeneza mkono. Katikati ya habari nikamsogelea nimweleze alichosema msomaji. Akaniashiria kwa kidole ninyamaze, kwa maana alikuwa akisikiliza.

Basi, ndugu msomaji uliyeniandikia, umepata jibu lako. Badala ya misumari, nenda katika duka la vifaa vya ujenzi ununue vizibo vya milimita 8, skrubu zake, na ncha moja ya kutobolea saruji. Keekee yenyewe uiazime kwa fundi au mwombe aje nayo, nawe usimame karibu uhakikishe kwamba anatoa vumbi tunduni. Na bibi wa nyumba akikuuliza, "Una hakika?", usimjibu kama nilivyojibu mimi. Mwonyeshe ndoo.

Kwaherini hata juma lijalo.